Nyekundu kwa Nyekundu

Vispika vya zamani vilikuja pamoja na kompyuta,
viwili, vya plastiki, vyepesi kama maganda ya karanga.
Kimoja nilikuwa nimekipaka gundi ubavuni,
kingine kitufe chake hakigeuki bila koleo.
Vilisema kila kitu kwa sauti ileile:
hotuba, kwaya, tarumbeta, mvua,
vyote kama mtu anayeongea ndani ya kopo la maziwa.
Miaka sita Isevya, nyuma ya duka la kudurufu,
nikaridhika.
Masikio nayo hujifunza umaskini.

Kisha Sizya wa karakana ya reli akanionyesha
amplifaya iliyopasuliwa tumbo mezani kwake,
nzito kama mtoto aliyelala.
"Usinunue kimoja kinachojidai kufanya yote," akasema.
"Tafuta wenye kazi zao.
Wa kufasiri. Wa kutia nguvu. Wa kusema."

Nikaanza na wa kutia nguvu: elfu themanini kwa mafungu matatu,
fungu la mwisho bado ananidai.
Wasemaji niliwatoa Urambo, kwenye baa iliyofungwa
msimu tumbaku iliposhuka bei,
maboksi ya mbao yenye alama za chupa mgongoni,
na ndani ya moja, mende wawili wakavu na kizibo.
Mfasiri akaja na treni kutoka Dar,
kisanduku kama pakiti ya majani ya chai,
kimeviringishwa ndani ya soksi.

Kalunde alihesabu kwa macho.
Hakuuliza bei. Aliuliza, "Na bati la jikoni?"
Nikajifanya natafuta bisibisi.

Jumamosi nikaunga. Waya nilizimenya kwa meno,
nikawasha, nikaketi kama mgeni rasmi.
Sauti ikatoka pana, lakini katikati tupu.
Besi haipo.
Pesa yote ile, na besi haipo!
Nikasogeza meza. Nikasogeza maboksi.
Nikamlaumu Sizya, nikaulaumu umeme, nikaulaumu ukuta.

Kalunde akaja na ungo wake wa mchele,
akachungulia nyuma bila kuuweka chini.
"Huku nyekundu imeingia kwa nyeusi.
Mmoja anasukuma, mwenzake anavuta.
Mtasikilizana lini?"
Akarudi jikoni.
Sina hakika kama alikuwa anazisema spika.

Nikageuza waya.
Besi ikaingia kwa miguu, kupitia sakafu,
kabla haijafika masikioni.
Nikafungua ule mkesha wa Kitete
niliourekodi mwenyewe kwa kinasa cha kuazima.
Mara elfu nimeusikia. Najua umeme ulipokatika,
najua mtoto anapolia.
Sikujua kuwa kuna pumzi kabla ya neno la kwanza,
watu ishirini wakivuta hewa kwa pamoja.
Na chini ya sauti zile nyembamba, chini kabisa,
kama lile figa la nyuma lisiloonekana na mgeni,
sauti ya mwanamke, nzito, haitikisiki,
nyingine zote zimeiegemea.
Nikairudisha. Nikairudisha tena.

"Kalunde! Huyu ni nani?"

Sufuria ikawekwa chini.
Akasimama mlangoni, mikono inachuruzika maji.
"Miaka sita unaucheza mkesha huo," akasema,
"ndiyo leo unauliza?"

Nikamvutia kiti. Akakikataa.
Akabaki amesimama, kichwa ameinamisha upande,
akimsikiliza yule wa miaka ile.
"Hapo niliteleza," akasema. "Umesikia?"
Sikuwa nimesikia. Nikasema nimesikia.
"Mwongo. Na hicho kikohozi ni chako."

Luku ikaanza kulia. Uniti mbili.
Kutoka jikoni, harufu ya wali unaoshika chini.
Hakuna aliyeinua mguu.
"Rudisha mwanzo," akasema,
"pale pa pumzi."