Milimita Mia Nne na Hamsini

Shahada nilipewa kwa jumba la makumbusho
lililosimama juu ya karatasi tu:
paa kama shuka lililoshikwa na upepo.
Jopo likaizunguka modeli mara mbili,
mmoja akauliza, "Maji ya mvua yanakwenda wapi?"
Nikacheka.
Glasgow haikucheka.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nimechora vyoo.
Vyoo kumi na tisa, mlango wa stoo,
na reli ya ngazi, mara saba,
maana mkono wa mtu haushiki wazo, hushika mbao.
Fergus, bosi wangu, husahihisha kwa kalamu nyekundu
na kila mchoro huuachia duara la chai,
kama mhuri wa serikali.

Vipimo nilifunzwa kabla ya chuo.
Mama alikuwa fundi cherehani Ngamiani,
tepu shingoni, pini mdomoni,
na kabla hajagusa mkasi humwambia mteja:
"Hebu kaa kwanza.
Nguo haivaliwi kwa kusimama tu."

Basi nilipopewa ngazi za jengo la Dennistoun,
ghorofa nne, mawe mekundu, lifti hakuna,
nikachora baraza kila ngazi zinapopinda.
Fergus akalifuta: bajeti.
Nikalirudisha, jembamba zaidi.
Akalifuta: "Nani anakaa ngazini?"

Mara ya tatu sikuandika baraza.
Niliandika: kasha la kufunika mabomba,
mbao ya mwaloni, pembe zimelainishwa,
kina 400, kimo 450.
(Mabomba yenyewe yangeenea kwenye boksi la viatu.)
Akatia sahihi.

Novemba, wapangaji wamekwisha kurudi,
tumekwenda kukagua nyufa na rangi iliyochuruzika.
Bi Isa Dunsmuir wa ghorofa ya tatu
anapanda na mifuko miwili, viazi na maziwa,
kitambaa cha kichwa kinadondosha mvua.
Pindo la pili, anahema.
Hakuuliza kitu. Hakumtazama mtu.
Akakaa juu ya mabomba,
akavua kiatu kimoja, akakikung'uta.

Nyuma yangu Fergus kanyamaza.
Bibi alipoondoka akatoa futi mfukoni,
akapima kimo, akapima kina,
akagonga ubao kwa kidole mara mbili
akisikiliza utupu uliomo.

Jumatatu nimekuta mezani ngazi nyingine, za Paisley,
ghorofa sita,
duara la chai limeshapigwa pembeni,
na pale zinapopinda, kwa wino mwekundu,
neno moja:
"Mabomba?"