Wasifu wa Profesa Berocan, Rasimu ya Nne

Jumatatu. Umeme umerudi saa tano.
Napiga chapa upya: Berocan, Yunia.
Profesa wa Misri ya Kale. Mzaliwa wa Pakwach.
Amesimama nyuma yangu na chai ya tangawizi,
anaikagua karatasi
kama anayekagua mashavu ya samaki sokoni.

"Fadlmula, futa *mashuhuri*.
Mashuhuri ni wafalme,
nami wafalme nimeshawasoma mpaka makaburini."

Nimefuta.

Kamati ya tuzo inataka kurasa tano, si zaidi.
Makala thelathini na moja.
Mihadhara: Turin, Khartoum, Aswan, Leiden.
Mjumbe wa bodi ya jarida ambalo mkono wangu haujalishika.
Nishani ya shaba, Kairo: hiyo naijua,
ndiyo inayokandamiza barua pale dirishani
upepo wa ziwa ukiingia Jinja bila hodi.
Na ile ya fedha aliipokea ukumbini kwa watu
waliomuuliza kwanza amemsindikiza nani.

Chini ya *Tafsiri* naweka vile vigae.
Mwaka wangu wa kwanza hapa aliniletea picha ya kimoja,
akaniwekea juu ya daftari langu la mahudhurio.
"Huyu alikuwa karani kama wewe," akasema.
Akanisomea kwa kidole:
*fulani hayupo, ameumwa na nge;
fulani hayupo, anapika pombe;
fulani hayupo.*
Bila sababu, huyo wa tatu.
Tangu siku ile
naandika sababu za watu kwa hati nzuri zaidi.

Ugomvi uliletwa na ukurasa wa nne.
Penye *Ugunduzi* alikuwa ameacha mstari mmoja:
Uchunguzi wa ukingo wa gombo namba kumi na nne.
Mstari mmoja!
Mimi niombaye wino kwa kurasa mbili!
Nikamuuliza. Akaketi juu ya meza,
jambo ambalo halifanyi.

Wataalamu, akasema, walibishana miaka
kwa nini gombo lile limejikunja mshazari.
Wengine walisema moto, wengine chumvi,
mmoja aliandika kitabu kizima juu ya unyevu.
"Nikavaa glavu, nikaliinamia.
Nikamwona mama."

Mama alisuka mikeka ya mafunjo,
akichana bua kuanzia shinani, kamwe si kileleni,
na ya kiangazi hakuyagusa.
Mafunjo ya kiangazi yana kinyongo, alisema:
leo unayalaza, kesho yanainuka.
Gombo lile lilikuwa na kinyongo cha miaka elfu tatu
na hakuna aliyewahi kumuuliza msusi.

"Basi tumwandike," nikasema.
"Wapi? Penye Tuzo? Hakupata.
Penye Elimu? Alifika darasa la pili."
Akateremka mezani, akaenda kufundisha.
Nikamsikia koridoni akimgombeza mtu kuhusu chaki.

Nikabaki na kurasa tano zilizojaa pomoni.
Nikapunguza nafasi kati ya mistari,
nikabana pambizo kama mtu anayebana shati lililompwaya,
na mwisho kabisa wa *Marejeo*,
chini, kwa herufi ndogo, nikachomeka:

Afoyorwoth, Rozalia. Msusi, soko la Pakwach.
Mazungumzo ya ana kwa ana.

Jioni akarudi na kalamu nyekundu.
Alisoma taratibu. Akageuza. Akafika mwisho.
Alikaa pale muda ambao chai hupoa.
Kisha kalamu ikashuka, ikauzungushia ule mstari duara,
nikajisemea, haya, umefutwa.

"Fadlmula," akasema, hakuniangalia,
"marejeo hupangwa kwa alfabeti."

Nikaunyanyua mstari, nikaupandisha,
ukapita Waitaliano, ukapita Wajerumani wote,
ukakaa juu.
Nikahifadhi upesi, kabla umeme haujakatika.