Wa Akiba

Zihindula hajui kukaa.
Miaka kumi na minne alikimbia pembeni kushoto,
soksi zimeshuka, kidole gumba kimefungwa plasta,
na Kadutu nzima ilijua: akiinamisha bega la kulia
beki ameshauzwa sokoni, kwa bei ya sambaza wa jana.

Mimi nilikuwa wa akiba. Wake.
Pembe ileile, mguu uleule,
mama zetu waliuza makaa ubavu kwa ubavu.
Benchi nalijua kuliko wavu:
msumari uliotokeza, wa tatu kutoka mwisho,
pahali mvua ya saa tisa inapodondokea shingoni,
na namna ya kupasha misuli moto mbele ya umati
usiouliza jina lako.

Sasa timu yake ndiyo hii: Mapambazuko ya Bagira,
daraja la tatu, vijana kumi na saba, jezi kumi na tano.
Namba tisa zipo mbili; refa anatuonea huruma.
Uwanja umeinama kuelekea ziwani,
kipindi cha kwanza tunapanda, cha pili tunashuka,
na hiyo ndiyo mbinu yake yote...
hapana, namsingizia. Ana daftari.
La bintiye Nabintu: upande huu hesabu za sehemu,
upande wa pili mishale, mishale,
na deni la nauli ya kwenda Kabare.

Akaniita mimi niwe msaidizi.
Sikuuliza mshahara. Hakuutaja.

Leo Panzi wanatuongoza mbili bila.
Kijana wetu Cirhuza yuko pembeni, mpira mguuni,
na kocha, ndani ya koti la harusi ya kaka yake,
anainamisha bega la kulia.
Peke yake, kwenye tope.
Hakuna beki mbele yake, kuna mama mmoja tu na beseni la karanga,
naye, wallahi, alisogea kushoto.

Nikamwambia: Kaa, Zihi. Goti.
Akakaa juu ya msumari.
Sogea, nikasema, huo una miaka kuliko wachezaji wetu.

Tukakaa. Akasugua goti lile la Uvira
(rais wa klabu alileta hospitali kreti ya soda
na mkono wa pole, kisha akabadili namba ya simu).
Akauliza bila kunitazama:
Miaka yote ile, hapa, ulikuwa unawaza nini?

Ningeweza kusema njaa. Ningeweza kusema ushindi.
Nikasema: Nilikuwa naomba uumie.
Kidogo tu. Kifundo. Wiki mbili.

Mvua ikaanza, ile ya matone makubwa
inayopima kwanza mabati ndipo imwagike.
Panzi wakapata kona. Wakaipoteza.
Yeye alikuwa anahesabu kitu kwa vidole.

Dakika ya hamsini na sita, akasema.
Uliingia dakika ya hamsini na sita.
Nilikuwa kwenye machela, wamenisahau nyuma ya goli,
nikaiona krosi yako.
Uliinua kichwa kwa kuchelewa.

Nilichelewa, nikasema.
Sana, akasema.
Msimu uliofuata walileta mtu kutoka Kalemie,
nami nikaenda kusukuma mifuko ya saruji bandarini.
Hakuna aliyenibebea soda.

Hapo beki wetu akaupiga mpira juu, juu mno,
ukapita mamigomba, ukateremka bondeni
ukidunda paa hadi paa,
na watoto watatu wakaufuata wakigombana,
maana anayeuleta hupewa mia mbili.

Mpira tunao mmoja.
Wachezaji ishirini na wawili wakasimama mvuani
mikono kiunoni, wakitazama chini kuelekea ziwani.
Refa hakusimamisha saa.

Zihindula akainuka, bila shaka.
Nikafuta alipokuwa amekaa, kwa kiganja,
nikamwekea daftari chini ya koti langu.