Hiari ya Ardhi

Asaa, aliyenifunza kuendesha,
alikuwa na vidole tisa na Landrova isiyo mlango wa kushoto.
Siku ya mwanzo, kabla sijagusa ufunguo, akanambia:
"Breki haisimamishi gari, Mize.
Breki husimamisha tairi.
Gari husimamishwa na ardhi,
nayo ardhi ina hiari yake."

Akanipeleka Daya, kwenye mteremko wa udongo mwekundu
ulioroweshwa na mvua ukawa sabuni.
Akasema: kanyaga.
Nikakanyaga. Magurudumu yakafunga, yote manne,
na sisi tukaendelea na safari
kimya kimya, ubavu ubavu,
Asaa akicheka mpaka tukaingia migombani.
"Sasa ushajua. Piga, achia. Piga, achia.
Iombe njia, usiikabe koo."

Kiangazi akanifunza kinyume chake:
penye changarawe na vumbi zito
acha tairi lifunge, lilime, lijirundikie kichuguu mbele yake;
kichuguu hicho ndicho kitakachokuokoa.
Nikauliza: nitajuaje lipi ni lipi, na pumzi imebaki moja?
Akachokonoa meno.
"Mguu utajua. Ukikosea, utajua zaidi."

Asaa kafa kwa sukari, kitandani, mbali na barabara yoyote.
Mie nimepewa gari jipya la chanjo, jeupe,
boksi la barafu nyuma,
na ndani yake kompyuta inayoifikiria breki
kabla yangu.
Kijana aliyelileta kutoka Unguja
akanipa somo la dakika tano:
"Hili usilipige-pige. Kanyaga hadi chini, shikilia.
Litatetemeka. Usiachie."
Nikatia sahihi.

Novemba, Daya ile ile, jua limetoka siku ya tatu.
Karafuu zilizaa mwaka ule hata nyua hazikutosha;
watu wameanika njiani, jamvi kwa jamvi,
na kuacha upenyo wa gari moja lenye adabu.
Nikakata kona. Kwanza mbuzi,
kisha kamba ya mbuzi,
kisha mtoto mwishoni mwa kamba.

Walimu wawili wakagombana ndani ya kiatu changu.
Nikapiga. Nikaachia.
Nikashikilia.
Pedali ikanitetemea unyayoni,
krr krr krr, kama panya ndani ya debe,
gari likapanda jamvi
na karafuu zikawa gololi,
laki kwa laki zikibiringika chini yangu,
na ardhi, ile yenye hiari,
bado inashauriana.

Halafu ikakubali.

Mtoto kasimama, kamba mkononi,
ananitazama kama mtu aliyeamshwa.
Mbuzi ashasahau, anatafuna ukindu wa jamvi.

Bi Raya akatoka na ungo. Hakunitukana.
Alimgusa mwanawe kichwa, mabega, magoti, kama anayehesabu,
kisha akachutama penye tairi langu la mbele
na kwa kijiti akaanza kuzichokoa karafuu
kwenye meno ya mpira, moja moja.
"Hizi zilizovunjika vichwa," akasema, "watanikatia bei."
Nikachutama naye. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka bado
kwa mwendo ule ule wa pedali,
kila nikiokota mbili, moja inaanguka.
Yeye hakusema kitu. Akasogeza ungo karibu yangu.

Tulipomaliza nikapanda nyuma kupima,
toka pale alama ilipoanza hadi kwenye tairi.
Hatua kumi na tisa.
Mtoto akanifuata, akipima na yeye.
"Thelathini na moja," akasema.
Hatukubishana.

Kisha akasimama mbele ya boneti,
akaweka kisigino kwenye mpira, vidole vikielekea kwao,
akatazama pale alipokuwa.
"Na toka hapa mpaka mie," akasema,
"moja."