Risasi za Nta

Miaka ishirini na saba nimekalia kiti cha tramu,
mbao iliyolainishwa na makalio ya waliostaafu kabla yangu,
nikipanda na kushuka vilima vya Porto,
hadi siku kiti kilipoanza kunijibu.

Damu kidogo kwenye karatasi. Sikumwambia mtu.
Mficha maradhi, mnajua yanayomfika;
mimi niliyaficha majira mawili ya mvua,
nikiendesha nimeegemea upande mmoja
kama mtu anayesikiliza siri dirishani.

Daktari alivaa glavu, akatazama, akaandika.
Duka la dawa lilikuwa na foleni,
na nyuma yangu nani, kama si mjane wa kinyozi,
masikio wazi kama madirisha ya Juni.
"Ni za mama," nikasema.
Graziela mfamasia alikuwepo tulipomzika mama.
Hakucheka. Alinivuta pembeni, penye mizani ya watoto,
akashusha sauti:

Nenda haja kwanza. Nawa mikono.
Menya karatasi ya fedha. Usimeze, wapo waliomeza.
Lala ubavu wa kushoto, goti la juu likunje,
ncha itangulie, kisha tulia robo saa
kama unayemngoja abiria mzee.
Nawa tena. Moja kila usiku, wiki mbili,
halafu urudi kwa daktari.
Nisikilize, Custódio: hii ni steroidi,
si pipi ya mnanaa.

Ile nta iliyeyuka ndani yangu
kama mshumaa uliokosea madhabahu.
Siku ya tano damu ikakata.
Ya nane nikala samaki na viazi
nimeketi sawasawa, kama jaji.

Hapo ndipo nilipoharibu.
Wiki mbili zikaisha, nami sikurudi.
Belmiro wa ghorofa ya tatu alikuwa na maboksi
yaliyoachwa na marehemu mkewe.
Hakusoma tarehe. Sikuuliza.
Nikaendelea vuli nzima, baridi nzima,
hadi kamelia zikachanua na kupukutika.

Usingizi ukanihama; saa tisa usiku napiga pasi mashati.
Uso ukaumuka, kondakta akauliza kama nimeoa tena.
Nikigusa tu mkono wa breki, ngozi inavilia damu.
Na kiu! Kunywa, kukojoa, kunywa:
sukari ilikuwa imepanda bila tiketi.
Na kulekule kulikopona kukaanza kuwasha,
ngozi imebaki ganda la kitunguu.

Nikafungua friji, nikazichomoa kati ya mayai na siagi,
nikampigia Graziela nijigambe:
"Nimeacha. Leo hii. Zote."

Kimya. Kisha:
"Tramu imejaa. Uko mteremko wa kwenda mtoni, reli zimelowa.
Unavuta breki yote kwa mara moja?"

Sikujibu. Najua magurudumu yanavyokwama
na bado gari likaenda,
likiteleza na watu wake, na mikate yao, na Mungu wao.

Mwili, akasema, una kiwanda chake kidogo juu ya figo.
Miezi yote hii umekipa likizo.
Ukikata ghafla, hakuna wa kuwasha mashine:
kizunguzungu, kutapika, kuanguka.
Usizitupe, usizimalize. Nenda kwa daktari leo,
na umtaje Belmiro.

Nilimtaja. Daktari alipima damu, akavua miwani,
akanipangia: usiku ndiyo, usiku hapana;
kisha mbili kwa wiki; kisha moja;
kidogo breki, kidogo mchanga juu ya reli,
nami natia alama kwenye kalenda ya kampuni
hadi Julai, nikasimama kituoni bila mtikisiko.
Sukari bado wanaifuatilia.

Jana foleni ilikuwa ndefu.
Mbele yangu kijana wa posta, kofia mkononi,
amenyoosha cheti kilichokunjwa mara nne.
"Ni za bibi yangu," akasema.
Graziela akatazama ile mizani ya watoto.
Mimi nikageuka ukutani,
nikasoma bei za miswaki, mmoja mmoja,
kwa sauti.