Moja kwa Kumi na Mbili

Siku ya kwanza, Tbilisi, Novemba,
nilikuja na kofia ngumu na kiburi kigumu kuliko kofia.
Miaka thelathini na moja natia sahihi majengo.
Sheria ya mteremko naikariri hata usingizini:
kila sentimita ya kupanda, kumi na mbili za kwenda.
Moja kwa kumi na mbili.

Mkufunzi wetu, Tsisana, alinisikiliza hadi mwisho,
tope la Gldani bado bichi kwenye magurudumu yake.
Kisha akahamia benchi, akanisukumia kiti.
"Kiti usichokikalia," akasema, "hujui kunguni wake."

Nikakaa.
Korido niliyoipita nikipiga mluzi ikawa ndefu.
Zulia likaning'ang'ania kama mdai.
Kwenye kizingiti (sentimita mbili na nusu, nilizipima baadaye)
nikasukuma, nikarudi,
nikasukuma, nikarudi,
na mlango ukanifungia mguuni.
Wenzangu kumi na watatu walitazama karatasi zao.

Siku ya pili Zviad, asiyeona, alitutoa barabarani.
Vigae vya nundu, vya manjano, vimepangwa kwa uzi,
vikamwongoza moja kwa moja hadi kwenye nguzo ya taa.
Akaipapasa kama anayesalimia jamaa.
"Aliyeviweka ana macho mawili," akasema,
"na yote mawili yalikuwa kwenye ramani."

Mkandarasi mmoja aliuliza bei.
Aliuliza bei ya kila kitu, hata ya kishikio cha chooni.
Tsisana akamwambia:
lifti ya jengo letu hula sarafu,
na tundu lake liko mita moja na sentimita hamsini na nane.
Sarafu ninazo. Urefu sina.
Miaka sita namngoja jirani apite.
Nipigie hesabu hiyo.
Mkandarasi akafunga kalamu.
Baadaye kidogo akaifungua tena.

Leo ni zoezi. Kila kundi bahasha moja, jengo moja.
Pikria, msanifu kijana, anafungua yetu:
zahanati ya mtaa, mteremko wa zege upande wa kushoto.
Sihitaji kuonyeshwa njia.
Zege lile nililiona likimwagwa. Ilikuwa Ijumaa, mvua inanyemelea,
nafasi finyu, na fomu ilitaka mteremko,
haikuuliza wa nani.
Nikaandika: upo.
Tukaenda kula.

Pikria analaza pimamaji. Kiputo kinakimbilia pembeni kama mwizi.
"Moja kwa nne! Nani alipitisha kitu hiki?"
Kikohozi kinanipata, cha bure.

Mlinzi anatoka. Guram, ndivyo kibandiko kinavyosema.
Anaona kiti cha Tsisana, anakunja mikono ya shati
bila kuulizwa, bila kuuliza.
Hiyo ndiyo kazi yake, kumbe: kubeba.
Miaka kumi na moja anabeba watu juu ya vipandio sita,
na anajua uzito wa mtaa mzima.
Bibi Makvala, anatuambia, alianza na kilo sabini.
Majuzi alikuwa arobaini na saba.
"Sasa ni mwepesi," anasema, na hacheki.

Tsisana anamwinulia kiganja: hapana, ahsante.
Leo hatuingii. Leo tunapima.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.
Hawakumwona Guram.

Kisanduku cha mwisho kwenye fomu:
aliyeidhinisha, kama anajulikana.
Wino umegoma kwa baridi. Naupulizia pumzi,
naandika jina langu lote, na la baba,
nampa Pikria asome. Anasoma. Ananyamaza.
Ananipa chaki.

Kimo, sentimita tisini.
Kwa hiyo mita kumi na sentimita themanini,
bila kuhesabu mahali pa kupumzikia.
Napiga magoti kwenye lami, naanza kuchora kutoka mlangoni,
napita pipa la taka, napita baiskeli ya mtu,
hadi nafasi iliyoandikwa MGANGA MKUU,
na gari lake jeusi, lililooshwa asubuhi.
Guram anakuja kuniambia hapo haparuhusiwi.

Nalala kifudifudi.
Chaki inapita chini ya gari.