Nilinusa Tu

Mtoto wa kaka yangu, Yaqdhan, karudi na digrii ya maji
na paketi ya pilipili ya unga ndani ya soksi.
Miaka minne Arizona
akisomea jangwa,
kana kwamba hapa Al-Khoudh tumeishiwa.

Leo Ijumaa kanitoa jikoni mwangu.
"Shangazi, kaa. Napika mimi."
Nimekaa. Macho hayajakaa.

Nyama ya kusaga, hakuiosha
(nikameza mate, nikameza na neno),
kaitia bizari nyembamba, chumvi, ile pilipili yenye harufu ya moshi,
kaifinyanga bapa, kaibonyeza katikati kwa dole gumba.
"Isivimbe," anasema. "Iwe na adabu motoni."

Pilipili kubwa za kijani, za mashamba ya Batina,
kazilaza juu ya moto mtupu wa gesi
hadi ngozi zikapasuka, nyeusi kama lami.
King'ora cha moshi kikalia.
Bi Thuraiya wa ukuta wa pili kapiga simu:
"Kwenu kunaungua?"
"Hapana," nikamwambia, "ni digrii."

Akaomba parachichi. Nikampa embe mafuta.
Alicheka. Jina hilo, miaka minne hakulisikia.
Kaliponda kwa ndimu na kotmiri.

"Kule," akasema, mgongo kanipa,
"mama wa rafiki yangu alikuwa akimimina divai nyekundu.
Alisema moshi unataka tunda,
lakini tunda lisilojipendekeza,
likwaruze ulimi kidogo, liondoe mafuta."

"Na wewe?"

Nyama ikachuruzika.
Jibini likaanza kulegea pembeni.

"Nilinusa tu."

Sikuuliza tena. Pua haina mlango.
Nami nilikuwa kijana, Dubai, mwaka wa sabini na tisa,
nikifua mashati ya mume wangu.
Nayajua mengi kwa kunusa tu.

Nikainuka.
Kwenye friji nina makomamanga ya Saiq,
ya mlimani, maganda magumu,
na uchachu wa watu waliozoea baridi.
Nikayakamua pamoja na ule utando mweupe,
mchungu, ambao watu huutupa.
Limau kavu moja, nimelitoboa. Karafuu mbili.
Moto kidogo. Kisha barafu, nyingi.

Akaonja. Akafumba macho
muda mrefu kuliko kiu.
"Inakwaruza?"
"Inakwaruza."

Mkate umepanda ghorofa tatu,
nami meno yangu ni ya kununua.
Nikaubomoa, nikala kwa mkono, tonge tonge,
bofulo mbali, nyama mbali, embe mafuta hadi kwenye bangili.
Pilipili ikanifikia masikioni.
Nikalia, nikasingizia king'ora.

Yaqdhan akachukua glasi yangu,
akaijaza karibu na ukingo,
na kabla ya kunipa
akainusa.